‘Mama Barafu’ wa Toronto na mji ambao hajaukanyaga

Saa moja kasorobo asubuhi, Katunge Muthiani anavua glavu kwa meno huku mkono wa pili ukiwasha kompyuta. Nje, theluji ya juzi imeshageuka rangi ya majivu kando ya barabara za North York. Ndani, katika ofisi ya safari iliyo juu ya duka la magodoro, birika halijachemka na hakuna aliyevua koti.

Anaanza mapema kwa sababu mji anaouza umeshaamka. Toronto ikigonga saa moja, Ilulissat ni saa nne, na wenye nyumba za wageni wameshakaa karibu na simu zao.

Mteja wa kwanza ni mama mmoja wa Ottawa. Anataka kusafiri mwanzoni mwa Julai, wakati jua la huko halizami. Anauliza nguo, anauliza chakula, kisha anauliza lile swali ambalo hakuna mteja asiyeliuliza.

“Na wewe mwenyewe umefika?”

Katunge anafumba macho kidogo, kama mtu anayedungwa sindano.

“Hapana, sijafika,” anajibu. “Huu ni mwaka wa saba nauza huu mji, lakini sijaukanyaga. Ninayokwambia nimeyasoma, mengine nimewauliza wenyeji.”

Mama wa Ottawa anasema atafikiria, atapiga tena.

“Huyo hapigi,” anasema Katunge akivua vipokea sauti masikioni.

“Umemfukuza mwingine, mama,” anadakia Fabrice, Mkongo anayehudumia wateja wa Kifaransa kwenye meza ya jirani. “Ukweli wako utatufungia biashara.”

Katunge hacheki. Mpaka Oktoba iliyopita jibu lake kwa swali hilo lilikuwa “nimefika”, na alilitoa laini, bila kukohoa, mara nyingi kiasi kwamba hawezi kuzihesabu.

Ilulissat ni mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Greenland, juu kabisa huko ambako ramani nyingi huanza kuishiwa na majina. Watu wake hawafiki elfu tano. Jina lenyewe, kwa lugha ya wenyeji, maana yake ni milima ya barafu, na ndiyo inayoleta wageni: mapande makubwa kama majengo yanakatika kutoka kwenye barafu ya bara, yanateremka taratibu kwenye mlango wa bahari na kupita mbele ya madirisha ya watu.

Katunge anaujua mji huo kama mtu anavyoijua nyumba ya jirani kwa kusikia kupitia ukutani. Anajua bei ya supu bandarini. Anajua mwezi gani mbwa wa kuvuta sleji wanafungwa minyororo na kwa nini mgeni asiwaguse. Alichokosa ni kuuona tu.

Ana umri wa miaka arobaini na mitatu, mzaliwa wa Mwingi, Kenya. Alifika Toronto mwaka 2015, akatandika vitanda vya hoteli kwa miaka mitatu mpaka mgongo ukakataa. Ofisi ya safari ilimpokea kwa sababu ya sauti yake. “Waliniambia nina sauti ya mtu anayekukaribisha chai,” anasema. Mshahara ni dola kumi na tisa kwa saa, pamoja na bakshishi kidogo kwa kila safari inayouzwa. Anaishi Parkdale, ghorofa ya sita, na binti yake Michelle mwenye miaka kumi na mitano, anayeelewa Kikamba na Kiswahili chote cha mama yake lakini hujibu kwa Kiingereza.

Siku ya kwanza kazini alipewa karatasi moja iliyofunikwa plastiki. Pale ofisini wanaiita karatasi ya macho.

Ndani yake mna mambo ambayo mtu aliyefika angeyasema. Barafu ikikatika hulia kama bunduki ya mbali. Maji ya chini yake yana rangi ya buluu ya kufulia mashati. Ukiigusa, baridi haikai kwenye vidole, inapanda mpaka kwenye kiwiko. Mfanyakazi huyakariri, akiulizwa kama amefika anajibu “nimefika”, anaongeza mstari mmoja wa karatasi, na mteja anatoa kadi ya benki.

“Tuliambiwa mteja hanunui barafu, ananunua macho yako,” anaeleza Fabrice. “Mimi pia sijafika. Hapa hajafika mtu.”

Uongo wa kazini ungebaki kazini, lakini haukukubali kukaa huko. Mwaka wa pili Katunge alivaa koti zito, akasimama mbele ya picha kubwa ya Ilulissat iliyobandikwa ukutani, Fabrice akampiga picha. Akaituma Mwingi. Mama yake aliitia kwenye fremu, ikawekwa sebuleni juu ya televisheni, na majirani wakaanza kuja kuitazama kama maonyesho.

Ukiikazia macho, pembeni juu kushoto, kwenye anga la Greenland, kuna pini nyekundu ya kubandikia karatasi.

“Hakuna aliyewahi kuiuliza ile pini,” anasema Katunge, akiangalia kucha zake. “Mimi kila nikipiga simu ya video naiona yenyewe kwanza, halafu ndiyo namwona mama.”

Waswahili walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha hapa ni Fabrice, aliyekaa kimya. Wengine hawakukaa kimya. Kanisani, miongoni mwa Wakenya wa Toronto, picha ilizunguka kwenye simu mpaka ikarudi na jina: Mama Barafu. Wanawake wa kikundi cha Jumamosi wakamwomba awasimulie. Akawasimulia. Karatasi nzima, mbele na nyuma.

Hapo ndipo alipoingia Mzee Madatali.

Mzee Madatali ana miaka sabini na tisa, anatembea kwa fimbo, na anaishi Agincourt, mashariki mwa Toronto, na binti yake Sabika pamoja na mkwewe Kazim. Alizaliwa Tanga. Baba yake alikuwa na kiwanda kidogo cha barafu mtaa wa Ngamiani, na mzee alikua akiona mapande yakitolewa kwenye maji ya chumvi, yakafunikwa maranda ya mbao na gunia, yakasukumwa kwa mkokoteni kupelekwa kwa wauza samaki kabla jua halijachachamaa.

“Baba akiuza barafu, nusu yake inauzwa, nusu inanywewa na barabara,” anakumbuka. Marehemu mkewe, Shaila, alikuwa na kalenda jikoni yenye picha ya Ilulissat, na kwa miaka alimtania: twende ukaone kiwanda ambacho hakihitaji mkokoteni. Shaila alifariki miaka mitatu iliyopita, kalenda ikabaki ukutani kwenye mwezi ule ule.

Mei mwaka jana mzee alipiga simu ofisini. Aliposikia jina, aliuliza, “Katunge, hilo jina si la Kikamba?” Tangu hapo wakaacha Kiingereza. Katunge alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba kwa furaha ya mtu aliyeokota shilingi ya zamani mfukoni mwa koti. Wakawa wanatumiana ujumbe wa sauti kwa simu.

Ujumbe mmoja ndio ulioharibu mambo. Mzee alirekodi hivi: “Mama, magoti yangu si ya jana. Kutoka hiyo nyumba ya wageni mpaka kwenye barafu, mtu anatembea? Na wewe mwenyewe umefika? Haya, ahsante sana.”

Katunge alikuwa na mteja mwingine kwenye sikio la pili. Aliusikiliza nusu nusu, akabonyeza, akajibu kwa ile sauti ya chai: “Nimefika, mzee wangu, nimesimama pale pale. Karibu sana.”

Ilikuwa sekunde tano tu. Kwao Mwingi, kama kwa Wakenya wengi, ukishukuriwa unajibu “karibu”. Alikuwa anapokea shukrani. Lakini Tanga ya ujana wa mzee haikuwa na jibu hilo. Mzee alisikia kwamba barafu iko karibu, tena karibu sana.

Nyumba ya wageni ilikuwa upande wa uwanja wa ndege. Kutoka pale mpaka mwisho wa njia ya mbao, mahali watu wanaposimama kuitazama barafu, ni zaidi ya kilomita nne. Julai, asubuhi ya kwanza, mzee akachukua fimbo yake na chupa ya maji, akatoka kwa miguu.

Goti lilivimba. Alikaa juu ya jiwe kwa saa mbili mpaka mwanamke mmoja mwenyeji, aliyebeba samaki kwenye gari lake, akamrudisha. Siku mbili zilizobaki alizimaliza kitandani, akiangalia matangi ya mafuta kupitia dirishani.

Katunge hakujua lolote. Wateja wakirudi hawapigi simu. Huyu alipiga, mwishoni mwa Septemba, tena si kulalamika.

“Njoo Jumapili ule nasi,” alimwambia. “Watoto wanataka kumwona mtu mwingine aliyefika.”

Katunge alisema ana kanisa. Mzee akasema watakula saa tisa. Katunge akasema Michelle ana mtihani. Mzee akasema amlete na vitabu vyake. Visingizio vilipokwisha, akaenda peke yake, na sanduku la keki mkononi.

Mlangoni viatu vilikuwa vimepandana kama soko la mitumba. Ndani kulikuwa na watu kumi na wanane, harufu ya biriani, mogo wa kukaanga, yaani mihogo, kwenye sinia, na watoto waliokuwa wakipita chini ya meza.

“Karibu, karibu ndani,” alisema mzee, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. “Huyu ndiye aliyenituma kule.”

“Ndiye huyu?” aliuliza Farhat, jirani yao mzaliwa wa Mombasa, mwanamke ambaye hakosekani kwenye sahani ya mtu yeyote ghorofa ile. “Mbona mwembamba? Mtu wa barafu nilidhani atakuwa na mafuta kidogo.”

Walimkalisha katikati. Sahani ikajazwa kabla hajasema inatosha. Kisha Farhat akamgeukia mzee: “Mwambie ulivyoishika. Mwambie, yeye ataelewa.”

Mzee akaweka kijiko chini. Alisimulia jinsi alivyofika mwisho wa njia ya mbao, akainama, akashika pande lililokuwa limesogea ufukweni. Goti, alisema, lilimshinda wakati wa kurudi. Barafu ikikatika inalia kama bunduki ya mbali, alisema. Maji ya chini yana rangi ya buluu ya kufulia mashati. Na baridi yake haikai kwenye vidole, inapanda mpaka kwenye kiwiko.

Katunge aliacha kutafuna. Maneno yale hayakuwa ya mzee. Hayakuwa hata yake yeye. Yalikuwa ya karatasi iliyofunikwa plastiki, mstari kwa mstari, kama alivyomsomea kwenye simu mwezi Mei.

“Na mbu,” mzee akaongeza. “Jamani, mbu. Mbu wa Tanga angalau ananong’ona kwanza. Wale hawana salamu.”

Watu wakacheka. Mbu hawakuwamo kwenye karatasi. Katika hadithi yote, Katunge alitambua, hao mbu ndio peke yao waliotoka Ilulissat.

“Mimi nina swali,” alisema Sabika, akichukua simu ya baba yake. Hakuwa akicheka na wenzake. “Baba aliuliza kama ni mbali. Nisikilizeni alivyojibiwa.”

Akabonyeza. Sauti ya Katunge ikajaa chumbani: Nimefika, mzee wangu, nimesimama pale pale. Karibu sana.

“Kilomita nne,” alisema Sabika. “Hiyo ndiyo karibu sana?”

“Nilikuwa najibu ahsante,” Katunge alisema kwa shida. “Kwetu ukiambiwa asante unajibu karibu.”

“Karibu gani hiyo?” aliuliza Farhat. “Karibu ni ya mlangoni na ya mezani. Mtu akishukuru unamwambia ahsante kushukuru, au unanyamaza, umeshashukuriwa.”

“Kenya wanasema hivyo,” mmoja akadakia kutoka sofani. “Nimekaa Nairobi, ukinunua hata kiberiti unakaribishwa.”

“Kazim, amua,” alisema Farhat.

“Msinitie humo,” alisema Kazim. “Mimi nimekulia Kampala, Kiswahili changu nilifundishwa na askari.”

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Sabika alijaribu kukaza uso, akashindwa. “Kumbe baba yangu kaponzwa na adabu za Wakenya,” alisema, akamwongezea Katunge mogo. Mambo yakaisha. Mtu akaenda kuchemsha chai.

Katunge anaikumbuka dakika ile kuliko zote. Kipande cha mogo kilikuwa mkononi mwake, hakiendi mdomoni wala hakirudi sahanini. Walikuwa wamesikia sauti yote, na wote walicheka neno la mwisho. Hakuna aliyelishika la kwanza.

“Nilikuwa nimesamehewa kosa dogo,” anasema. “Lile kubwa lilikuwa limekaa pale mezani, kati ya chutney na chumvi, na ni mimi peke yangu niliyeliona. Ningeweza kula nikaenda zangu. Ila yule mzee alikuwa ameanza kusema maneno yangu. Uongo wangu ulikuwa umehamia mdomoni mwa mtu mzima anayeheshimiwa na wajukuu zake.”

Akasema. Hakusimama, hakuinua sauti. “Mzee, mimi sijafika. Sijawahi kufika. Yale niliyokwambia yameandikwa kwenye karatasi, tunayasoma. Ningekuwa nimefika, ningejua ni mbali.”

Vijiko viliwekwa chini kwa mafungu, vya walio karibu kwanza, kisha vya wa jikoni. Mtoto mmoja akamuuliza mama yake, kwa Kiingereza, kama yule shangazi ni mwongo.

“Baba alikaa juu ya jiwe saa mbili,” alisema Sabika polepole. “Kwa maneno ya karatasi?”

“Ndiyo.”

“Na ulikuja ukala chakula chetu.”

Katunge alirudisha mogo sahanini.

Mzee alikuwa akiangalia mpini wa fimbo yake. Aliuliza jambo moja tu. “Na mbu, kwenye hiyo karatasi yenu hawamo?”

“Hawamo, mzee.”

“Basi hata aliyeiandika hajafika.”

Katunge alivaa viatu, akavivaa kinyume, akavivua, akavaa tena mbele ya watu wote. Mzee akasema atamsindikiza kwenye lifti. Sabika akamkataza kwa ajili ya goti. Mzee akaenda hivyo hivyo.

Mbele ya lifti, ambako hakuna anayesikia, mzee alibonyeza kitufe, akangoja mpaka taa ya mshale ikawaka. Ndipo akasema.

“Mimi niliishia kwa mbwa.”

Katunge akamwangalia.

“Kuna mahali mbwa wamefungwa, nusu ya njia. Goti lilishindwa kwenda, si kurudi. Barafu niliiona kutoka kwenye ndege, na nyingine mbali baharini. Sikuishika. Shaila alinitania miaka thelathini, ningewezaje kurudi niseme nilishindwa na mbwa?” Akashusha pumzi. “Nikawa natafuta maneno. Nikakuta yako yapo tayari.”

Mlango wa lifti ulifunguka, ukajifunga, hakuna aliyeingia.

Nyumbani kwa mzee hawajaambiwa mpaka leo. Alipoulizwa kama jambo hili linaweza kuandikwa gazetini, aliwaza kidogo, kisha uso ukamkunjuka. “Andika. Humu ndani wanaosikia Kiswahili ni wengi. Wanaokisoma ni mimi na Farhat, na Farhat kapoteza miwani.”

Mficha uchi hazai, wanasema wazee, lakini hakuna msemo unaotaja gharama za kuufichua. Kabla ya Oktoba, Katunge aliuza safari tisa kwa mwezi. Januari ameuza tatu. Msimamizi wake, Bernard, alimwita na kumwambia kwamba ukweli haujakatazwa ofisini, ila hauna bakshishi. Karatasi ya macho ameirudisha. Wenzake wanaendelea nayo, na mmoja ameongeza mbu kwa kalamu.

Kanisani bado anaitwa Mama Barafu. Hajawaambia. Kila Jumamosi anasema wiki ijayo, na wiki ikija anakaa kiti cha nyuma na kutoka kabla ya chai. Mama yake Mwingi naye hajui, na picha iko juu ya televisheni na pini yake.

“Kumwambia mzee kulinichukua sekunde kumi,” anasema. “Kumwambia mama yangu nimeshindwa miezi minne. Anaipangusa vumbi kila asubuhi ile fremu. Nitamwambia apanguse nini?”

Zamani alikuwa na sababu ya kutofika: hakuwa na pasipoti ya Kanada. Aliipata mwaka juzi, sababu ikafa. Ofisi huwapa wafanyakazi wa muda mrefu punguzo la nusu kwa safari moja, na yeye hakuwahi kuliomba kwa kuwa kuomba kungekuwa kukiri. Mwezi huu ameliomba. Bernard alipiga muhuri bila kuinua macho.

Tarehe ni katikati ya Julai. Ameshampigia mwenye nyumba nyingine ya wageni, iliyo upande wa barafu, akamwomba atembee mwenyewe na saa mkononi kutoka mlangoni kwake hadi mwanzo wa njia ya mbao. Mwenye nyumba alidhani anataniwa. Siku ya pili akarudisha jibu: dakika kumi na mbili, na sehemu kubwa ya njia inapitika kwa kiti cha magurudumu.

Kiti ni cha Mzee Madatali, ambaye atasafiri naye. Sabika alikataa kwa wiki tatu, akakubali kwa sharti kwamba Katunge asimwache peke yake hata kwenda chooni. Bado hamwiti kwa jina, humwita “yule wa simu”.

Katunge anasema akifika atapiga picha moja tu, ya kupeleka Mwingi, na atampigia mama yake simu kabla ya kuituma. Mzee yeye ana hesabu nyingine. Ameifikiria sana, anasema, tangu goti lilipoanza kupoa.

“Yeye atakuwa nyuma anasukuma, mimi niko mbele kwenye kiti. Kwa hiyo mimi nitafika kwanza, hata kama ni kwa hatua moja. Nitageuka, nimtazame huyu binti aliyeniambia amesimama pale pale.”

Anagonga fimbo sakafuni, taratibu, mara moja.

“Hapo ndipo nitamwambia, karibu.”